Koti la Merle

Darren alipomwambia mama yake kwamba amelipeleka koti la marehemu baba yake, Merle, kwenye mchango wa nguo za baridi kwa ajili ya askari wastaafu, Ardis aliacha kahawa yake nusu.

"Nani alikutuma?"

"Mama, limening'inia mlangoni tangu mazishi. Kuna watu walipigania nchi hii na wanalala nje hapahapa Duluth."

"Nimekuuliza nani alikutuma."

Alivaa buti, akaendesha gari hadi ukumbi wa mchango. Meza zilijaa soksi za sufu, glavu na kofia, lakini koti la kijani lenye kola ya manyoya halikuwapo. Mwanamke aliyekuwa akigawa nguo alisema limechukuliwa na Clifford Beaulieu, aliyepigana Iraki. Huenda yuko kituo cha basi.

Alikuwako kweli, mwanamume mrefu mwenye ndevu za mvi, amejibanza ukutani kukwepa upepo wa ziwani. Ardis alipita mbele yake, akarudi, akapita tena.

"Mama, mbona unanitazama kama nimekuibia?"

"Hilo koti ni la mume wangu. Alifariki. Mwanangu amelitoa bila kuniuliza."

Clifford hakubishana. Alishusha zipu, akalivua, akalikunja na kumpa. "Pole kwa msiba," akasema, akaondoka na sweta lake, mikono kaibana kwapani.

Garini, Ardis alizika uso kwenye kola. Harufu ya Merle ilikuwa bado ipo. Hata hivyo hakuweza kutulia. Theluji ilianza kuanguka, na alipotoka kumwita yule mtu, hakumwona.

Alimtafuta kwenye jiko la supu ya bure. Akamtafuta chini ya daraja, kisha akarudi kituoni. Njiani aliongea peke yake, akimlaumu Darren, akimlaumu Merle kwa kufa, mwishowe akajilaumu mwenyewe.

Alimkuta maktabani, kiti kimesogezwa karibu na hita.

"Umefuata sweta pia?" Clifford akauliza.

"Simama. Ingiza mkono."

Watu waligeuka. Aliingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Mikono ya koti ilimwishia juu ya vifundo vya mikono.

"Mzee wako alikuwa na mikono mifupi."

"Alikuwa mfupi kote. Na mbishi."

Ardis alimfungia zipu hadi kidevuni, na vidole vyake vikabaki kwenye kola. Clifford alitulia, akamwachia muda wake.

"Nikuombe kitu," akasema hatimaye. "Ukibadili mawazo tena, niambie nikiwa bado humu ndani."

Ardis alicheka huku akipenga kamasi. "Sitabadili. Vaa na kofia."

Jumatatu alirudi ukumbini na buti za Merle. Darren alitaka kumsaidia kuzibeba. Akamwambia akae garini, asubiri; hizi angezitoa mwenyewe.