Gari la Mwalimu Nathanaeli kwenye Mlima wa Nkoaranga

Silantoi alikuwa fundi, na kwa miaka kumi na moja alikuwa akifungua giaboksi za gia za mkono kwenye gereji moja ya Lemara, na hakuna aliyewahi kubishana naye habari za meno ya gia. Kwa hiyo Mwalimu Nathanaeli, mstaafu wa Nkoaranga, alipokuja kumwonyesha gari la oto, lisilo na klachi, alilotaka kununua, alimjibu bila kupepesa macho.

"Mwalimu, mlima wa kwako utalishinda. La gia za mkono, lenye injini hii hii, ukiwa gia ya kwanza injini inazunguka karibu mara nne ndipo shafti inayotoka kwenye giaboksi izunguke mara moja. Hili halifiki hata mara tatu. Nguvu itatoka wapi?"

Mwalimu alilinunua hivyo hivyo. Goti lake la kushoto lilikuwa limechoka kukanyaga klachi, na mke wake, Mama Susana, alikuwa amelazwa mjini baada ya kuvunjika nyonga.

Siku Mama Susana aliporuhusiwa, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mwalimu akaogopa utelezi, akamwomba Silantoi aendeshe. Alikubali, ila alipakia kamba ya kuvutia gari na kumwambia jamaa mmoja mwenye trekta akae tayari.

Wakimrudisha nyumbani, katikati ya mlima, pale barabara inapopanda mpaka dereva anaona mawingu tu, ng'ombe na ndama wake walisimama njiani. Silantoi akakanyaga breki. Mwalimu alikuwa pembeni yake; nyuma, Mama Susana alishika kiti kwa mikono miwili.

Ng'ombe wakaondoka. Kwenye gari alilolizoea angevuta breki ya mkono, aachie klachi nusu nusu, asikie harufu ya kuungua, kisha gari liruke mbele. Leo mguu wake wa kushoto haukuwa na kazi. Aliachia breki, akakanyaga mafuta polepole. Injini ilinguruma. Kwa sekunde moja hakuna kilichotokea, halafu gari likapanda, taratibu, kama linasukumwa na kiganja kikubwa kutoka nyuma.

"Tumeshaondoka?" Mama Susana aliuliza.

Silantoi aliendelea kukanyaga mafuta. Vinyweleo vilikuwa vimemsimama.

Kesho yake alivuta giaboksi mbovu ya oto iliyokaa nje ya gereji miaka miwili, akamwita Agnela, fundi wa magari ya oto wa gereji ya jirani. Agnela alichomoa lile dude la duara linalokaa kati ya injini na giaboksi, akalipasua kwa grenda. Ndani mlikuwa na feni mbili zinazotazamana, na ya tatu, ndogo, katikati. Silantoi alitafuta jino la kuziunganisha, hakuliona.

"Zinashikana wapi?"

"Hazishikani, dada. Ni mafuta tu. Feni ya injini inayarusha, ya pili inayapokea inazunguka. Yakirudi, hii ndogo inayageuza yasukume tena. Wakati wa kuondoka, nguvu inaongezeka karibu mara mbili. Klachi yenu haiongezi kitu, inashika tu, ndiyo maana meno ya gia yenu ya kwanza lazima yafanye kazi yote yenyewe."

Silantoi alipiga hesabu kichwani. Karibu tatu, mara mbili, karibu sita. Ya mkono ilibaki nne. Akaketi juu ya tairi, akiitazama ile feni kama mtu anayeona Mlima Meru ukifunguka mawingu kwa mara ya kwanza. Watu watatu, kwenye mlima ule mkali, walikuwa wamebebwa na mafuta yanayozunguka gizani.

Akapiga simu. "Shikamoo Mwalimu. Nilikudanganya bila kujua. Nilihesabu meno peke yake."

"Marahaba. Basi njoo umweleze mama," Mwalimu alisema. "Tangu jana ananiuliza nani alitusukuma."

Jumapili baada ya ibada, Silantoi alipanda Nkoaranga na feni mbili kwenye mfuko, akaziweka mapajani pa Mama Susana. Yule mama alizigusa bawa moja moja, huku Silantoi akimweleza jinsi mafuta yalivyowasukuma.