Maji ya Kumkanda Consolata

Mama Burito alilisema neno lake akiwa amesimama mlangoni, hata kiti alikataa. Ni mama mkwe wa binti yangu Consolata. Alikuwa ametoka kijijini kwake Buswahili na kuku mmoja mkononi, na kuku ndiye aliyetangulia kuingia ndani.

"Mkwe," aliniambia, "mtoto wa kwanza azaliwe kwenu, hilo sina neno, ndivyo ilivyo. Lakini nyumba yako haina mwanamke. Mzazi anakandwa asubuhi na jioni, siku arobaini. Hayo maji atachemsha nani?"

"Nitachemsha mimi."

"Wewe? Chai yako nimeinywa. Moshi ulikuwa mwingi kuliko majani."

Consolata, tumbo likiwa limeshafika pale linapofika, alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Yule mama akaendelea: siku ya tatu baada ya binti kutoka hospitali, atakuja mwenyewe kuyashika maji kwa mkono wake. Akikuta ni vuguvugu, anabeba mzazi na mtoto wanaenda Buswahili, arobaini iishie huko.

Mimi ni Machibya, nakaa Bweri, pembeni mwa mji wa Musoma, huku kwenye nyumba mpya mpya. Mama Consolata amefariki, huu mwaka wa tatu. Tangu hapo nyumba nzima tulikuwa tunakaaga mimi na redio. Kwa hiyo mtu akiniambia mjukuu wangu ataanzia maisha Buswahili, mimi nasikia ananirudisha kwenye redio.

Na mkaa sikuutaka. Mama Consolata alipuliza mkaa miaka ishirini na saba mpaka kifua kikaisha. Wakubwa walitangaza mitungi ya gesi inakuja, mwenyekiti wetu wa mtaa akapita anaandika majina, jina la mke wangu likawa la nne. Mtungi tuliuona kwa shemeji yake mwenyekiti. Siku ya msiba akaja na hotuba. Mtu wa namna hiyo anajuaga nyumba yako mara mbili tu, wakati wa kura na wakati wa msiba. Nikaapa jiko la mkaa haliwashwi tena hapa ndani. Na huo umeme wao nao, nikitumbukiza hita kwenye ndoo, uniti zinakimbia kama zimeona nyoka, na maji yakikaribia kupata moto, unakatika. Naona kama wanatuvizia.

Sasa mwezi ule ule nilipeleka mbuzi Bunda, nikalala gesti. Asubuhi nafungua bomba nioge, maji yakanichoma. Nikatoka na taulo kiunoni kutafuta moto uko wapi. Dada wa mapokezi akanionyesha juu ya paa.

"Hakuna moto, mzee. Hilo ni jua."

"Jua halijatoka bado."

"La jana."

Nilisimama pale mpaka akaniomba nikavae. Jua la jana. Miaka yote hiyo nimelitukana kwa kukausha mihogo yangu shambani, kumbe mtu anaweza kuliweka akiba. Saa mbili asubuhi nilikuwa kwa fundi aliyelitengeneza lile dude, Yunusu, ana karakana nyuma ya soko. Mtu mfupi, kofia ya kushona kichwani, maneno mengi.

"Mzee wangu," aliniambia, "jua la Mara mnaliachaga linaunguza nyasi, halafu mnaenda kununua mti ulioungua mnauita mkaa. Mwenyezi Mungu anawashangaa."

Akaniuliza nina mbuzi wangapi. Tukaelewana hapo hapo.

Wiki ile alikuja Bweri na vyuma vyake. Nilikuwa nimechimba, nimesogeza matofali, nimekunywa chai mara tatu kwa kushindwa kutulia. Alitengeneza sanduku pana la bati, ndani mabomba yamepakwa rangi nyeusi, juu kioo. Akaliweka nyuma ya nyumba kwenye miguu minne ya chuma, limeinama kidogo. Pipa akalipandisha juu zaidi, kwenye mnara wa matofali, akalivisha godoro. Lilikuwa godoro letu la zamani. Upande wa mke wangu ulikuwa bado mzima, ndio nikamwambia auweke ndani.

"Kwa nini pipa liwe juu?" nikamuuliza.

"Maji yakipata moto yanapanda yenyewe. Ya baridi yanashuka."

"Basi ni kama wakubwa. Wakionja joto kidogo tu wako juu, sisi wa baridi tunabaki chini."

"Tofauti, mzee, maji yakishapanda ukifungua bomba yanakurudia."

Jioni ile alifungua bomba la bafuni. Mvuke ukatoka. Nilioga nikatoka, nikakumbuka sijapaka sabuni miguuni, nikarudi kuoga tena. Nikaenda kuita watu. Walikuja majirani wa pande zote, kila mtu anaweka kidole, anakitoa, anaangalia kama jiko limefichwa mahali. Mzee Leonardi, aliyekuwa mwalimu, akasema serikali ilitakiwa iweke kitu hiki kila nyumba. Nikamwambia akawaandikie, mimi kalamu yangu iliishia darasa la nne, na wakiandikiwa, karatasi wanafungiaga sambusa.

Mwanaupe naye alikuja. Ni jirani yangu, mjane kama mimi, anauza dagaa, na mtaa mzima hakuna anayekanda mzazi kama yeye. Alishika maji akatikisa kichwa.

"Haya sasa ni maji. Nitamkanda mwanao mpaka atajuta kuzaa."

Makosa yangu ni hapa, nayasema. Niliwaonyesha watu bomba. Lile sanduku nyuma ya nyumba hakuna aliyeliuliza, na mimi kwa furaha sikulitaja.

Consolata alijifungua Alhamisi, mtoto wa kiume, sauti kama ya mpiga filimbi. Ijumaa wakarudi nyumbani. Burito, mumewe, alikuwa kazini mgodini, akawa anapiga simu kila nusu saa kuuliza mtoto amefanana na nani. Mwanaupe alikanda asubuhi na jioni, maji moto sawasawa. Jumatatu ilikuwa ndiyo siku ya tatu, na mimi kwa kujiamini nikasema sisubiri kukaguliwa, nitaenda kumchukua mkaguzi mwenyewe. Asubuhi nikapanda gari hadi Buswahili. Njia nzima ya kurudi, tangu tunapita Butiama, nilimweleza Mama Burito habari za mabomba na godoro. Yeye alikuwa amepakata shuka jipya la kubebea mtoto.

"Utaniambia nikishika," alisema.

Tukafika saa kumi. Jua lilikuwa kali toka asubuhi, hakuna wingu hata moja. Mama Burito akambusu mtoto, akaenda moja kwa moja bafuni, akafungua bomba, akaweka mkono. Akauacha pale. Akauacha muda mrefu.

"Mkwe," alisema, "haya ningemwogeshea kifaranga."

Niliweka mkono na mimi. Vuguvugu. Nikasikia nyuma yangu Consolata ameinuka kitandani, anauliza kuna nini, na yule mama ameshaanza kukunja nguo za mtoto, taratibu, bila maneno makali, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Nikaanza na watu wa maji. Nikasema wamebadilisha maji, wametuletea ya baridi kutoka katikati ya ziwa, wanafanya makusudi. Nikamalizana nao nikampigia Yunusu, nikamwita tapeli.

"Mzee, jua lilikuwepo?"

"Lilinichoma utosi."

"Kioo ni kisafi?"

"Nani akichafue?"

"Kaangalie kwanza, ndio uendelee kunitukana. Mimi nipo, sikati."

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Juu ya kioo walikuwa wamekaa paka watatu. Sijawahi kufuga paka. Walikuwa wanalamba, na kioo chote kimetapakaa magamba, na hapa na pale dagaa mmoja mmoja ameganda, jicho linaniangalia.

Mwanaupe alikuwa anatokea na kikapu kichwani, amekuja kwa ajili ya kukanda jioni.

"Mwanaupe, umeanika dagaa kwenye hita yangu?"

"Hita gani? Hita si ile ya bafuni? Mimi nimeanika kwenye chanja."

"Chanja ipi?"

"Hiyo hapo. Ina miguu minne, imeinama, iko juani. Machibya, ukimwonyesha mtu yeyote wa Musoma kitu cha namna hiyo atakwambia nini? Usiku mvua imenyesha, chini kulikuwa matope. Nikasema huyu jirani ana roho nzuri, kaniwekea chanja ya kioo." Akashusha kikapu. "Na dagaa wamekauka kabla ya adhuhuri, nikaanika na wa mzigo wa pili. Angalia."

Nilitafuta mkubwa yeyote wa kumtupia lile jambo, sikumpata. Kulikuwa na Mwanaupe na kikapu, na mimi ambaye sikusema.

Mama Burito alikuwa ametoka nje, nguo za mtoto begani. Akachukua dagaa mmoja, akamvunja. Akavunjika kwa mlio.

"Amekauka leo?"

"Leo leo, mama."

"Kwa jua hili la saa chache?"

"Hicho kioo ni moto, nakwambia. Nimeungua kiganja wakati wa kugeuza."

Mama Burito akamtazama, akanitazama mimi. Nilikuwa nafuta kioo kwa shati langu, nimeshalivua. Akangoja. Kisha akanyoosha kidole akagusa bomba lile linalotoka juu ya sanduku kwenda kwenye pipa, akakirudisha haraka akakitia mdomoni. Ilikuwa bado saa kumi na nusu, jua lilikuwa limepata nafasi ya dakika chache tu.

"Jua linashuka," alisema. "Leo halitatosha."

"Halitatosha," nikakubali. "Lakini mkwe, nakuomba siku moja. Lala hapa. Kesho jioni shika tena, na ukikuta vuguvugu, mimi mwenyewe nitakubebea mtoto mpaka Buswahili."

Akarudi ndani, akampa Consolata zile nguo mkononi badala ya kuzitia kwenye begi. Jioni ile Mwanaupe alichemshia maji kwake akaleta, bila kuombwa.

Kesho yake nililinda kioo kama ng'ombe wa mahari. Nilianza kabla jua halijatoka, na fimbo, kwenye kigoda. Niliwafukuza paka, niliwafukuza kunguru, nilimfukuza na mtendaji aliyepita kuuliza kama nimeomba kibali cha mnara. Nikamwambia kibali anacho shemeji yake mwenyekiti. Saa sita likaja wingu kutoka ziwani, zito, na moyo wangu nao ukafunga. Nilikuwa nimesimama naliangalia kama naweza kulisukuma. Mama Burito akatoka, akasimama pembeni yangu, na yeye akaangalia juu. Lilipopita alisema tu, "Limeondoka," akaingia ndani, na mimi nikagundua kwamba na yeye alikuwa amebana pumzi.

Saa kumi na moja Mwanaupe alikuja, mikono mitupu. Bomba likafunguliwa. Mimi siruhusiwi kuwepo, ni baba, nikakaa nje ukutani kusikiliza. Nikasikia ndoo inajaa. Nikasikia kimya, ambacho najua ni mkono wa Mama Burito. Halafu sauti yake:

"Hee. Mwanaupe, zimua."

"Hayazimuliwi, mama. Ndio dawa yenyewe. Mshike mabega."

Consolata akapiga kelele. "Mama mnanichoma, jamani, niacheni, maji ya moto haya, baba." Ananiita mimi. Na mimi nilikuwa nje nacheka machozi yananitoka, nagonga ukuta kwa ngumi, kwa sababu tangu mama yake aondoke sijawahi kusikia nyumba yangu ina makelele namna ile.

Mama Burito alitoka amelowa mpaka viwikoni. Akachukua lile shuka jipya, akalitandika kwenye kitanda cha mtoto.

"Arobaini ataimaliza hapa," alisema. "Mimi narudi Alhamisi kuangalia mbuzi wangu, halafu nitakuja tena. Huyo Yunusu ana simu?"

"Anayo."

"Mwambie Buswahili jua lipo. Na mwambie sanduku langu aliweke juu ya paa, kule kwetu na sisi tunaanikaga."