Kabureta ya Kushoto

Karin aliileta pikipiki ya baba yake mwezi wa Aprili, barafu ya ziwani ilipoanza kuwa nyeusi. Alikuwa ameifunga kamba nyuma ya pikapu kama ndama anayepelekwa mnadani, katikati ya maboksi ya vitu vya marehemu alivyotaka kuvigawa kanisani.

"Anko Delmar, kuna mtu anakuja kuiona Jumamosi," akasema. "Anataka kwanza aisikie ikinguruma. Wewe iwashe tu, isinizimikie mbele yake."

"Pikipiki haiwashwi tu. Hii siyo taa ya jikoni."

"Unaongea kama yeye," akasema, na hakuwa ananisifu.

Yeye ni Arvid, baba yake, rafiki yangu tangu tulipokuwa na nywele. Tulimzika Februari, ardhi imeganda mpaka ikabidi ichimbwe kwa mashine. Karin alisimama nyuma kabisa ya watu, akaondoka kabla ya kahawa.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, ya mwaka sitini na saba, silinda mbili na kabureta mbili. Ilikaa chini ya turubai miaka tisa, tangu siku ya harusi ya Karin, na panya walikuwa wamezalia ndani ya kiti. Mambo yote yalianzia siku hiyo ya harusi.

Arvid hakumpenda mchumba wa Karin, na alishasema hivyo mezani mbele ya kijana mwenyewe, maana mdomo wake haukuwa na breki. Lakini jambo moja aliliahidi na kulirudia: angetangulia mbele ya gari la bibi harusi kwa pikipiki hiyo mpaka mlangoni pa kanisa. Sisi waendesha pikipiki wenzake tulimngoja pale nje, tai zikitukaba, na hakutokea. Karin akamfuata nyumbani na gauni lake jeupe. Alimkuta bandani, kavaa suruali ya suti na shati la harusi, mikono imejaa grisi.

"Baba, watu wanasubiri. Harusi," akamwambia.

Arvid akamwangalia. "Harusi gani?" akauliza.

Karin akaingia kanisani peke yake na maneno hayo mawili. Miaka miwili baadaye madaktari wakasema Arvid ana ugonjwa wa kusahau, na watu wakaanza kumdokeza binti kwamba labda ulianza mapema. Hakutaka kusikia. "Siku ile alikuwa mzima," alikuwa akisema. "Alishavaa suti. Mtu aliyesahau harusi havai suti. Alivaa, akabadili nia, akanikejeli." Mimi nilimwamini. Arvid alikuwa mkaidi kuliko nyumbu, na nilidhani amefanya ukaidi wake wa mwisho. Karin alilipia nyumba ya wazee kila mwezi bila kukosa, ila kwake kwenda kumwona ilikuwa kama kupelekwa kung'olewa jino. Alikuwa akikaa karibu na mlango bila kuvua koti.

Basi nikaanza kazi. Tangi nililimwaga, kikatoka kitu kinachonuka kama rangi ya ukutani iliyooza. Nikatia petroli mpya. Plagi zote mbili zilitoa cheche nzuri. Nikapiga kiki mpaka goti likaniomba msamaha, pikipiki kimya. Petroli ipo, cheche ipo, haiwaki. Hapo hakuna uganga, ni kabureta.

Nikafungua ya kulia kwanza. Bakuli lake la chini lilikuwa limejaa gundi ya kahawia, boya limeng'ang'ania humo, na jeti, kile kipande cha shaba chenye kitundu cha kupitishia petroli, imeziba kabisa. Uchafu wa namna hiyo nauona kila mwaka theluji inapoyeyuka. Lakini sikuwahi kuuona kwenye pikipiki ya Arvid.

Kwetu huku pikipiki hulala miezi ya theluji, na jinsi ya kuilaza Arvid ndiye aliyetufundisha wote. Asubuhi barafu ilipoonekana kwa mara ya kwanza kwenye bakuli la maji la mbwa wake, alitupigia simu mmoja mmoja. Funga koki ya tangi, fungua bakuli la kila kabureta, mwaga petroli yote, futa, kausha, rudisha. Petroli ikiachwa humo hugeuka gundi. Aliyezembea alisutwa mbele za watu. Mimi mwaka mmoja nilizembea, akaniambia, "Delmar, wewe ukipewa farasi utamsahau kwenye mvua." Kwa hiyo nilipoiona gundi ile nikacheka peke yangu. Nikasema, "Leo nimekukamata, mzee." Kisha kicheko kikaniishia, kwa sababu hakuwepo wa kutaniwa.

Nikaisafisha kabureta ile kwa waya mwembamba na upepo wa pampu. Karin alirudi mchana akanikuta napiga kiki tena, na safari hii ikawaka, lakini kwa kuchechemea.

"Mbona kama ina kikohozi?"

"Inatumia silinda moja. Shika bomba hili la moshi, la kulia. Taratibu, usiungue."

"Lina moto."

"Na hili la kushoto?"

Akalishika kwa kiganja chote. "Baridi kama la maji."

Nikazima, nikafungua kabureta ya kushoto, yeye akiwa amechuchumaa pembeni yangu. Bakuli la hii lilikuwa safi, kavu, limefutwa mpaka linang'aa. Huo ulikuwa mkono wa Arvid. Ila juu, mahali pa jeti, palikuwa patupu. Na chini ya bakuli, kikiwa kimelisukuma boya juu hata petroli mpya isiingie, kulikuwa na kifungo cha mkono wa shati, kile cha fedha kinachovaliwa na suti, kimechongwa samaki mdogo.

Karin akakichukua. Akakigeuza kiganjani.

"Nilimpa mimi," akasema. "Jioni ya kuamkia harusi. Nilimwambia avivae vyote viwili."

Kisha akainuka ghafla akaenda kwenye pikapu. Nilimsikia akipekua maboksi. Akarudi na kikasha kidogo cha bluu, akakifungua mbele yangu. Ndani, kitambaani, kulikuwa na kifungo kimoja chenye samaki, na pembeni yake, mahali pa kifungo cha pili, jeti ya kabureta.

"Nilidhani ni takataka ya gereji," akasema. "Nilitaka kuitupa."

Nikaketi juu ya ndoo. Ningeweza kunyamaza. Lakini alikuwa amenikazia macho, na macho yale ni ya babake.

"Asubuhi ile kulikuwa na barafu kwenye bakuli la mbwa," nikamwambia. "Alinipigia simu kunikumbusha. Mimi nikamwambia, Arvid, leo tuna harusi bwana, akacheka. Nilidhani anatania. Basi alivaa, akaja bandani kuichukua pikipiki akutangulie. Mikono ikaanza kazi ya barafu. Akavua vifungo visichafuke, akamwaga kabureta hii, akaichomoa jeti aisafishe. Ya kulia hakuigusa. Karin, Arvid mwenye akili zake hawezi kukausha kabureta moja akaacha nyingine. Na hawezi kuiweka jeti kwenye kikasha cha vifungo, kifungo kimoja akakifungia humu."

"Kwa hiyo aliponiuliza..."

"Alikuwa anauliza."

Akalia. Sina namna ya kulipamba hilo. Alilia ameinama, kana kwamba gauni la miaka tisa iliyopita lilikuwa bado mwilini mwake, na mimi nikamshika bega kwa mkono wenye grisi kwa sababu sikuwa na mwingine.

"Unajua nilimjibu nini?" akasema baadaye. "Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Nilimwambia, kama hujui harusi gani, basi huna binti."

Mimi nilikuwa naenda nyumba ya wazee kila Jumapili. Arvid alishasahau jina la marehemu mkewe, alishasahau ziwa, hata pikipiki hii nilipomwonyesha picha yake aliiita baiskeli nzuri. Lakini kila Jumapili alinivuta mkono wa koti, akasogeza mdomo sikioni kwangu. "Delmar, eti mimi nina binti?" Nikimjibu unaye, anaitwa Karin, alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayesikia uongo wa kumfariji. "Hapana," alikuwa akisema. "Aliniambia sina."

Sikuwahi kuelewa maneno hayo aliyatoa wapi, mpaka dakika ile.

"Anko," Karin akasema, akijifuta kwa mkono wa sweta. "Kule kwa wazee, aliwahi kusema chochote? Kuhusu siku ile, au kuhusu nilichomwambia?"

Nikaichukua jeti kwenye kikasha. Nikaipuliza, nikaielekeza dirishani, nikaona kitundu kiko wazi.

"Hapana," nikasema. "Siku ile ilishamtoka yote."

Akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. "Afadhali hakubaki nayo."

Nikaikaza jeti mahali pake, nikarudisha bakuli, nikapiga kiki haraka kabla hajauliza tena.