Wembe wa Matanga

Mimi Wegesa nasema wazi: kaka yangu Nyangwine alikuwa na kichwa kigumu hata kabla mapunye hayajamwota.

Ndiyo kwanza tumehamishiwa kijiji cha ujamaa huko Kisaka, mdogo wetu Machage akafariki. Kwa desturi ukoo mzima tulinyolewa kwa wembe mmoja: akaanza mjane, Waisiko, akafuata binti yake Regina, kisha sisi wengine. Mwezi haujaisha, vichwa vikajaa maduara ya magamba, vinawasha mchana na usiku. Cha Waisiko peke yake kilibaki safi.

"Marehemu anatuonyesha mchawi," Nyangwine akasema.

Basi! Maji aliyoyateka Waisiko hakuna aliyeyanywa. Akaambiwa arudi kwao Gorong'a, Regina abaki, eti mtoto ni wa ukoo. Alilia mpaka sauti ikamkauka, nami roho iliniuma kweli.

Bwana mifugo alipokuja kuogesha ng'ombe, nikamvuta mkono hadi kwa Regina. Tangu baba yake alipoanza kuugua, mtoto alikuwa akilala amemkumbatia mbwa wao. Bwana mifugo akapekua manyoya ya mbwa. Kumbe naye ana maduara yaleyale!

"Mtoto ameambukizwa na mbwa," akasema. "Na wembe mmoja ukawasambazia ninyi. Wote watibiwe, mbwa naye."

Nikapiga paja. Waisiko alinyolewa wembe ukiwa bado safi! Nikaenda kuuambia ukoo bila kumung'unya maneno.

Dawa ilipofika kutoka zahanati, Waisiko, aliyekuwa bado hajaondoka, alimpaka kwanza mwanawe. Nyangwine akavua kofia, akaketi mbele yake.

"Nipake, shemeji. Tumekukosea."

Waisiko akachota mafuta, lakini hakumgusa. "Regina ni wa nani?"

"Wako."

"Sema wasikie."

"Regina ni wako!" kaka akapaza sauti.

Akampaka polepole, hadi nyuma ya masikio. Akatupaka wote, hata wale waliomwaga maji yake. Mimi nilikuwa wa mwisho, na mikono yake ilikuwa ya baridi.

Kisha akanawa, akamshika Regina mkono, wakashika njia ya Gorong'a.

"Shemeji!" Nyangwine akaita. "Si yamekwisha?"

"Ninyi mtapona," akajibu, wala hakugeuka.