Uwanja Ambako Aneth Hakurudishwa

Kano la goti la Aneth lilikatika kwenye uwanja wa changarawe wa Iguguno, alipogeuka ghafla kumkwepa beki. Baada ya upasuaji alirudi kijijini na karatasi moja ya mazoezi. Mwalimu Martina, kocha wa timu yao ya wanawake, akamchukua mikononi mwake kama mwanawe wa kumzaa.

Mpira wa miguu alimpiga marufuku kabisa. Alianza kumtembeza peku kwenye mchanga wa korongo mpaka mapaja yakawaka moto. Mwezi wa nne tangu upasuaji akampa baiskeli, aiendeshe barabara ya lami hadi mwisho wa mashamba ya alizeti na kurudi. Mwezi wa saba ikawa netiboli kwenye nyasi za kanisani, kuruka na kutua. Mwezi wa kumi Aneth alikuwa anakimbia na kugeuka bila kuchechemea, na Martina akampanga kwenye mechi dhidi ya timu ya Kiomboi, kwenye uwanja uleule wa changarawe.

Mpira wa kwanza ulimfikia pembeni. Aneth akasimama tuli, beki akauchukua bila jasho. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ukawapa Kiomboi bao, watu wakaanza kuzomea.

"Goti limepona, Aneth!" Martina alipaza sauti. "Huo ni uoga tu!"

Uwanja mzima ulisikia. Aneth akavua jezi akabaki na fulana, akaiweka kwenye mstari, akaenda zake nyumbani.

Jioni Martina alimkuta uani na mama yake, Rebeka, wakipepeta alizeti.

"Shikamoo, mwalimu," Aneth alisema bila kuinua uso.

"Marahaba. Goti linauma?"

"Haliumi. Ulinipeleka mchangani, ukanipeleka kwenye lami, ukanipeleka kwenye nyasi. Pale hukunipeleka hata siku moja. Nikikanyaga zile changarawe nasikia goti likikatika upya."

Martina alichuchumaa kando yake. Alijua kwa nini aliukwepa ule uwanja miezi yote hiyo.

"Siku ile ulipoumia, mimi ndiye niliyekupigia kelele ugeuke," alisema hatimaye.

"Najua."

"Nisamehe, mwanangu."

Aneth aliendelea kupepeta. Rebeka ndiye aliyejibu: "Mwalimu, huyu mwache acheze netiboli. Mimi ndiye niliyekuwa nambeba kwenda chooni."

Martina hakubisha. Alimwambia Aneth tu kwamba Jumatatu asubuhi atakuwa pale uwanjani, bila mpira, bila filimbi, akitaka aje.

Jumatatu Aneth alikuja na kanga mabegani. Walitembea bega kwa bega kutoka golini. Kabla ya kufika katikati, Aneth alisimama, machozi yakamtoka. Martina alisimama naye mpaka Aneth alipogeuka mwenyewe kurudi golini.

"Kesho?" aliuliza.

"Sijui, mwalimu."

Kesho yake hakuja, wala Jumatano. Alhamisi Martina, akiwa golini, alimwona anakuja barabarani, taratibu, amevaa viatu vyake vya kuchezea mpira.