Wiki Mbili Bila Sauti

Wanafunzi walimbandika Mwalimu jina la Kengele, na yeye alijua. Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha darasa la nne, na sauti yake ilitoka darasani, ikavuka uwanja, ikawakuta watoro nyuma ya vyoo na kuwarudisha mbio bila yeye kuinuka kitini. Walimu wenzake walimtania kwamba kengele ya shule ikiibwa, itapita wiki nzima kabla mtu hajagundua.

Sauti hiyo aliirithi kwa mama yake. Mama alikuwa mkunga mpaka alipostaafu, na alipenda kujisifu kwamba watoto wengine waliharakisha kuzaliwa kwa kumwogopa yeye. Asubuhi moja, akiwa anatandika kitanda, kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa mzito kama gogo, na maneno yake yote ya miaka sabini na moja yakatoweka. Likabaki moja tu: "basi."

Akitaka maji, "basi." Akitaka dirisha lifunguliwe, "basi." Chai ikiwa ya moto mno, "basi, basi, basi!" huku akiisukuma kwa mkono wa kushoto na machozi ya hasira yakimtoka.

"Tushukuru, dada," alisema mdogo wa kiume wa Mwalimu, fundi umeme ambaye hata msibani hakosi la kuchekesha. "Angebakiwa na neno 'njoo', tungekoma."

Mwalimu alicheka, kwa kuwa hapo ndipo pa kucheka. Siku zile alifanya kila jambo kama anayefuata ratiba iliyobandikwa ukutani. Aliamka, akamwogesha mama, akamlisha uji, akamwachia jirani, akaenda shule, akarudi. Hakulia siku ya kiharusi wala siku zilizofuata. Watu walimsifu kwamba amepiga moyo konde. Lakini ule moyo haukupigwa konde lolote. Ulikuwa umekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Saa kumi jioni ilikuwa saa ya kadi. Mtaalamu wa matamshi pale hospitali aliwapa kadi arobaini zenye picha. Mwalimu aliinua moja, huku rundo la madaftari ya kusahihisha likimsubiri ubavuni. Mama alikunja uso, midomo ikaanza kuhangaika.

"Kikombe, mama. Sema kikombe."

"Basi."

"Haya. Huu ufunguo. Sema ufunguo."

Kadi arobaini, dakika kumi na tano, bandika bandua. Kisha Mwalimu alitia alama ya vema kwenye daftari kuonyesha kwamba zoezi limefanyika. Miezi minane ikajaa vema.

Sauti yake ilipoanza kukwaruza, alisingizia vumbi la chaki. Akanywa tangawizi. Sauti ikawa nzito, kisha ikawa inakatika katikati ya sentensi. Siku moja mwalimu mkuu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimkuta akigonga meza kwa rula ili wanafunzi wanyamaze.

"Mwalimu, nyumbani kwako kuna wagonjwa wangapi?"

"Mmoja."

"Mimi nasikia wawili. Kesho usije hapa. Nenda hospitali."

Hospitalini walimpitishia mrija mwembamba wenye kamera puani. Daktari, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, akamwonyesha kwenye skrini uvimbe mdogo, kama punje ya mchele, umekaa juu ya utepe wa sauti. Utatolewa, akasema, na kupelekwa maabara. Majibu baada ya wiki tatu. Na baada ya operesheni, wiki mbili bila kuongea.

"Hata kunong'ona marufuku. Una swali, Mwalimu?"

"Sina."

"Wengi huuliza kama ni saratani."

"Ni saratani?" aliuliza, kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa chakula akaona si vizuri kukataa.

"Bado hatujui."

"Sawa."

Akatia sahihi fomu kama anavyotia sahihi daftari la mahudhurio. Njiani akirudi, mawingu yalikuwa yamekusanyika, na kitu pekee alichowaza ni nguo alizoacha kwenye kamba.

Mdogo wake ndiye aliyepandwa na mori. "Mficha maradhi, dada! Umekwaruza hivi tangu lini?"

"Miezi mitano."

"Mitano! Na mimi kila nikikupigia simu najisemea, dada siku hizi ana sauti ya mtangazaji wa redio."

Siku ya operesheni ilipopita akahamia kwa dada yake na begi lake la vifaa, akatandika godoro sebuleni, akaitangaza nyumba kuwa ni nyumba ya mabubu. Akacheka peke yake. Mama alimtazama, Mwalimu akamtazama, naye akaenda kukoroga uji.

Alasiri ya kwanza, fundi alikuwa ameenda kazini na Mwalimu hakuwa na mpango wa kadi. Atafundishaje matamshi mtu asiyetamka? Lakini saa kumi alipotoka chumbani alimkuta mama tayari yuko mezani, amejikokota mwenyewe, mkono wa kushoto juu ya kisanduku cha kadi. Mwalimu akagusa koo lake na kutikisa kichwa. Mama akakisukuma kisanduku kuelekea kwake. Mwalimu akagusa koo tena. Mama akakisukuma tena, kwa nguvu, kadi mbili zikaanguka sakafuni.

Basi akaketi, akainua kikombe.

Nyumba ilikuwa imetulia kama maji mtungini. Midomo ya mama ikaanza ile kazi yake ya kuhangaika. Mwalimu alilihisi neno likimpanda kooni, kwa mazoea tu, akauma meno. Hakuwa na la kufanya ila kushika kadi na kungoja. Alikuwa hajui kwamba dakika moja ni ndefu kiasi kile. Mkono ukaanza kumchoka.

"Ki," alisema mama. Akafumba macho. Jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo. "Ki... kombe."

Mwalimu akaitazama kadi kana kwamba yeye ndiye aliyetakiwa kuisoma. Kisha akainua ya pili. Ufunguo ulichukua muda zaidi na ukaishia "ufu." Siku hiyo walifika kadi ya tatu, mama akawa hoi.

Alipofungua daftari kutia alama yake, kalamu ikasita. Alielewa, bila mtu kumweleza. Kwa miezi minane yeye ndiye aliyekuwa akijibu. Kila mara mama alipokuwa njiani kulifikia neno, yeye Kengele alitangulia kulichukua. Furaha na aibu, vyote viwili alijua vipo, kama mtu anavyojua kuna wageni chumba cha pili kwa kusikia viti vikivutwa. Lakini havikutoka kuja kumwamkia. Akaandika: "Kikombe," akafunga daftari.

Wakaendelea hivyo, kadi tatu, nne, siku ikiwa mbaya, moja tu. Siku ya tisa fundi akarudi mapema na kutaka naye asaidie.

"Mama, tazama, kiti. Si unakiona? Cha kukalia. Ki-ti. Rahisi hicho, mama. Sema kiti. Ki..."

"Nyamaza!"

Lilitoka zima, kwa ile sauti ya wodi ya wazazi. Fundi akaiweka kadi mezani. Halafu akainuka, akaenda jikoni, akafungua bomba, maji yakamwagika muda mrefu bila chombo kuoshwa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Dada, umesikia? Amenifokea kama zamani."

Mwalimu akachukua karatasi, akaandika: "Ulistahili."

Wiki ya tatu majibu yakatoka. Si saratani, alisema daktari, lakini punje ile haikuwa safi. Chembe zake zilikuwa zimeanza kubadilika. Itabidi arudi kila baada ya miezi mitatu, labda kwa miaka. Na sauti haitarudi kama ilivyokuwa. Kuwapazia sauti watoto arobaini asahau.

Alitoka akaketi kwenye ngazi za nje. Aliona kwamba huo ungekuwa wakati mzuri wa kulia, akajaribu, hakuna kilichotoka. Akafungua shajara yake, akahesabu wiki, akaandika tarehe ya kurudi. Akaandika na ile ya baada yake. Akaendelea mpaka kurasa za mwaka zikaisha, na tarehe mbili za mwaka unaofuata akazibana kwenye jalada la nyuma. Hakuhisi tumaini lolote. Lakini mtu anayeziandika tarehe hizo zote, alijiambia, lazima anakusudia kuwepo.

Shuleni mwalimu mkuu alimtolea meza iliyokuwa stoo, akampa watoto sita ambao kusoma kumewashinda. Mmoja wao, msichana mwenye kigugumizi, alikaa na neno "mlango" karibu kipindi kizima. Mwalimu akakaa naye. Hakuna aliyewaharakisha.

Miezi mitatu ilipotimia, walikwenda hospitali wote watatu, maana mama naye alikuwa na siku yake kwa mtaalamu wa matamshi. Fundi alisukuma kiti cha magurudumu na kusalimia kila mtu. Dirisha la mapokezi lilikuwa na kioo, na nyuma ya kioo karani.

"Jina?"

Mwalimu akalitaja. Lilitoka kama karatasi inayochanwa.

"Ongeza sauti, sikusikii."

Akarudia. Nyuma yake foleni ikaanza kuguna. Fundi akafungua mdomo, akamtazama mama, akaufunga.

Mama alikuwa ameinua mkono wa kushoto. Akaanza kulitaja jina la binti yake, polepole, akipanda kila silabi kama ngazi. Akapumzika. Akataja la baba yake binti, marehemu mumewe. Akapumzika tena, akamalizia na la babu, likatoka limepinda kidogo mwishoni. Karani alikuwa ameinua kalamu, anangoja, na hakumkatisha. Mwalimu hakuwa amelisikia jina lake kutoka kinywa kile kwa mwaka mzima.

"Umri wa mgonjwa?"

"Ha... hamsini," alisema mama.

"Arobaini na saba," Mwalimu akakwaruza. "Mama, usinizeeshe."

Fundi akaangua kicheko, na hata karani akatabasamu huku akiandika. Ndipo Mwalimu akashika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. Kitu cha moto kilimpita shavuni hadi kidevuni, akakiacha kipite.

"Unataka kukaa?" aliuliza karani.

Akasema ndiyo. Mdogo wake akamvutia kiti.