Maua ya Mwamina

Mwamina alipofariki Nachingwea, mwezi wa nne, vitu vyake vilirudishwa kwao Mbekenyera: godoro, begi la nguo, madaftari ya wanafunzi wake wa darasa la tatu ambayo hakuwahi kuyasahihisha, na maua sita yaliyopandwa kwenye makopo ya rangi. Ugonjwa ulimchukua kwa siku nne tu. Baba yake, Masoudi, alifika hospitali akakuta kitanda kimeshatandikwa shuka jingine.

Mama yake, Biasha, hakuwa mtu wa maua. Maisha yake yote alipanda vya kuliwa. Lakini makopo yale aliyapanga sebuleni, karibu na dirisha, akawa anayanywesha asubuhi kabla mwenyewe hajanywa chai, na kufuta jani moja moja kwa kitambaa, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso.

Mwezi wa saba akaona kitu cheupe kama nyuzi za pamba kwenye maungio ya majani. Akakifuta. Kesho yake kimerudi. Majani yakaanza kunata, na sisimizi wakapanga mstari kutoka dirishani hadi kwenye makopo.

"Baba Mwamina, maua yanaumwa," akasema.

Masoudi alifurahi kuambiwa. Tangu msiba, mkewe alikuwa anamjibu tu, hamsemeshi. Na kama kuna kazi aliyoijua, ni kupuliza dawa. Mikorosho aliipuliza miaka thelathini. Msimu wenyewe ndio ulikuwa umefika, na dawa ya maji ilikuwemo stoo. Akatoa nje makopo matano, akachanganya dawa kwa kipimo kile kile cha mkorosho, akayapuliza juani, saa saba mchana, mpaka yakachuruzika. Kopo la sita Biasha alikuwa amelihamishia chumbani, na Masoudi hakulikumbuka.

Siku ya tatu majani yalikuwa meusi, kana kwamba moto umepita. Siku ya sita mashina yakalala.

Biasha aliokota majani yaliyodondoka, akayatia kwenye pindo la kanga, kisha akamtazama mumewe.

"Hata haya, Masoudi?"

Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwita kwa jina lake tupu. Na Masoudi aliijua ile "hata" imebeba nini. Miaka miwili nyuma, kijana mmoja wa Nachingwea, Dastani, muuza mbegu na pembejeo, alituma washenga. Masoudi aliwarudisha bila kuwakaribisha hata mkekani, kwa sababu kijana ni Mkristo. "Binti yangu akimtaka huyo, njia ya hapa aisahau," alisema. Mwamina hakuolewa na Dastani. Hakuolewa na yeyote. Na njia akaisahau kweli: likizo baada ya likizo alipiga simu tu, akaongea na mama yake, akakata.

Lile ua la sita, lenye majani ya umbo la moyo, nalo likaota weupe. Masoudi akauliza nani anajua kulitibu.

"Aliyempa mwanangu anajua," Biasha akajibu, ameshageuka kuondoka.

Masoudi akapanda bodaboda hadi Ruangwa mjini, kisha basi hadi Nachingwea, kopo kalipakata. Dukani, Dastani alilitambua ua kabla hajamtambua aliyelibeba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Linaumwa."

Dastani alilipeleka mlangoni penye mwanga, akageuza jani moja.

"Hawa ni vidung'ata. Hii pamba ni nguo yao tu; wenyewe wamo ndani, wananyonya maji ya jani. Kunata huku ni uchafu wao. Sisimizi wanaufuata, na ndio wanaowahamisha kutoka ua hili hadi lile." Akachovya pamba kwenye spiriti, akamgusa mdudu mmoja. Weupe ukayeyuka, kikabaki kidudu kidogo cha pinki. "Mmoja mmoja, hivi. Kisha osha majani juu na chini kwa maji yenye sabuni kidogo, jioni jua likipoa. Rudia kila wiki, maana mayai hayafi yote. Na likae peke yake."

"Mimi nilitumia dawa ya mikorosho."

"Kwenye mangapi?"

"Matano."

Dastani akafumba macho. "Yale aliyapanda mwenyewe," akasema. "Langu ni hili tu."

Masoudi akauliza kilichomtoa nyumbani hasa. "Alikuwa ananisemaje?"

"Hakukusema vibaya hata siku moja, mzee. Kila likizo ikikaribia anasema, 'Safari hii baba ataniita mwenyewe.' Anafungasha begi, anakaa nalo." Akafunga chupa ya spiriti. "Mimi nilisikia ameshazikwa. Nikaogopa kuja. Nilijua mtanifukuza."

Masoudi alitaka kusema, tusingekufukuza. Lakini angekuwa anadanganya. Akavua kofia, akajifunika nayo uso, akalia pale pale dukani, wateja wakimtazama.

Kwa wiki tano, yeye na Biasha walilitibu lile ua. Biasha alishika jani, Masoudi akagusa kwa pamba. Maneno yao yalikuwa machache: huyu hapa, geuza, bado mmoja. Hata hivyo majani yaliendelea kuwa ya njano. Mwishowe wakalitoa ua koponi, na mizizi ilikuwa myeupe kwa wadudu. Masoudi akampigia Dastani.

"Mpaka mizizini wamo."

"Basi, mzee. Hapo haliponi tena. Lichomeni."

Biasha alikataa. Alikaa nalo mapajani mpaka alasiri, kisha akaenda mwenyewe kuliweka kwenye moto.

Masoudi alikuwa bado kashika simu. Akapiga tena. "Njoo Jumamosi," akasema, "nikuoneshe alipolala."

Dastani alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Biasha alimpokea kwa mikono miwili. Makaburini, kijana alisimama akihangaika, hajui kichwa cha marehemu kiko upande gani. Masoudi akamwonesha kwa mkono. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, akampisha.